Njia ya kisimani nayo ina haki zake



Ndugu msomaji, katika safu hii ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia mambo ya ndani ya ua: vyombo, choo, mtungi wa maji, kucha za watoto. Leo, Inshaallah, tutatoka nje ya ua. Tutaifuata njia ya miguu inayotoka nyumbani kwenda kwenye chemchemi au mtoni, njia ambayo mama zetu na mabinti zetu wanaipita kila siku kabla jua halijawa kali. Njia hiyo hakuna anayeifagia, kwa sababu kila mmoja anadhani ni ya mwenzake.

Darasa letu la leo tutalifanyia katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Wilaya hizi ni jirani lakini njia zake hazifanani. Tarime ni nchi ya vilima, migomba na mvua nyingi, na njia zake nyingi huteremka bondeni kwenye chemchemi zilizofichwa na miti. Serengeti ni tambarare zaidi na kavu zaidi, nchi ya migunga na miiba, na baadhi ya vijiji vyake, kama Robanda, vimepakana na hifadhi, kiasi kwamba mama mwenye ndoo na tembo mwenye kiu wanaweza kuwa wanafuata maji yale yale. Katika eneo hili unapita Mto Mara, unaoanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na kumalizikia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ni safari ya takriban kilomita 400. Uchafu unaoachwa juu ya mto au juu ya njia hushuka na maji mpaka kwa mtu wa chini.

Udhia njiani

Kila aliyepita madrasa amefundishwa kuwa imani ina matawi sabini na kitu, la juu kabisa likiwa ni tamko la tauhidi, na la chini kabisa kuondoa udhia njiani. Hadithi hii imepokewa na Muslim. Sasa, ajabu ni kwamba wengi wetu tumelisikia neno "la chini kabisa" tukaona halituhusu sisi watu wazima, ni kazi ya watoto. Lakini katika Hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) alieleza habari za mtu aliyekuwa akipita, akakuta tawi la miiba njiani, akaliondoa. Allah (s.w.) akaipokea kazi yake hiyo na akamsamehe. Na Abu Barza (r.a.) alipomuomba Mtume (s.a.w.) amfundishe jambo litakalomnufaisha, jibu alilopewa halikuwa refu: aondoe udhia katika njia.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Muadh bin Jabal (r.a.), tumeonywa na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia haja kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia, na kwenye kivuli cha kupumzikia watu. Hebu itazame njia ya chemchemi. Ina maji mwisho wake, ina watu wanaopita katikati yake, na ina vivuli vya mikuyu pembeni yake. Mahali pote patatu tulipokatazwa pamekutana katika njia moja! Basi mtu anayejisaidia pale asidhani amefanya uchafu mdogo tu wa porini.

Kinachopatikana nyuma ya kichaka

Tuanze na jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Ukipita njia yoyote inayotumiwa na watu wengi, hasa inayokwenda gulioni au mnadani, hatua chache tu nyuma ya vichaka utakuta vinyesi. Harufu ndiyo inayotuchukiza, lakini madhara yenyewe yanatokana na vitu tusivyoviona kwa macho.

Chukua mfano wa safura. Maradhi haya huletwa na minyoo midogo inayokaa kwenye utumbo na kunyonya damu. Mgonjwa akijisaidia kichakani, mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Yakikuta udongo wenye unyevu, joto na kivuli, huanguliwa ndani ya siku 1 au 2, na baada ya siku 5 hadi 10 mabuu yake huwa tayari kupenya ngozi ya binadamu. Udongo wa namna hiyo ndio hasa unaopatikana kwenye njia ya chemchemi. Mtoto hupita pekupeku asubuhi, umande bado haujakauka. Anahisi muwasho kidogo kati ya vidole vya miguu, anajikuna, anasahau. Mabuu yamekwisha ingia. Husafiri na damu mpaka kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa na mate, na kufika kwenye utumbo ambako hukua na kuanza kunyonya.

Mwenye safura haanguki siku moja. Anapungua polepole. Mtoto anasinzia darasani na mwalimu anamwita mvivu. Mama mjamzito anahema akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda huku akizungumza. Viganja vinakuwa vyeupe, moyo unakwenda mbio, wengine wanatamani kula udongo. Damu ya mjamzito ikipungua sana, kujifungua kunakuwa hatari kwake na kwa mtoto, maana hata kutokwa na damu kidogo kunaweza kumzidi. Dawa ya minyoo ipo na inatolewa zahanati na mashuleni, na inafaa sana. Lakini mgonjwa akishameza dawa na kurudi kupita pekupeku njia ile ile yenye vinyesi vile vile, baada ya muda anakuwa amewaokota wengine. Tutameza vidonge mpaka lini?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu anayejitolea kuitunza njia ni kukiondoa kinyesi na kuzuia kingine kisiwekwe. Kilichopo kifukiwe kwa jembe, mbali na maji na mbali na mkondo wa mvua. Watoto wasipewe kazi hiyo. Kisha tujiulize kwa nini watu wanajisaidia pale. Mara nyingi utagundua ni kwa sababu gulio halina choo, au kipo na kimefungwa kufuli, au ni kichafu kuliko hicho kichaka. Kama ni hivyo, kutundika kibao cha kukataza hakutasaidia kitu. Kikundi cha msikiti kikichimba choo cha shimo karibu na njia panda, umbali usiopungua mita 30 kutoka kwenye chemchemi na upande wa chini yake, kitakuwa kimeitunza njia kuliko kufagia mwaka mzima.

Choo hicho kiwe na maji, kwani sisi tunastanji. Na nje yake pawekwe kibuyu chirizi, kile kidumu cha lita 5 kinachoning'inizwa kwa kamba, ukikanyaga kijiti maji yanachirizika na mkono haugusi chochote, pamoja na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kufungwa uzi ili kisitembee. Nimemsikia mtu akilalamika kuwa maji ya kibuyu chirizi ni machache mno. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, ambacho hakifikii hata lita moja.

Mvua inapogeuza njia kuwa mfereji

Jambo la pili ni mvua. Wenyeji wa vilima vya Tarime wanalifahamu vizuri. Njia ya miguu inayoteremka moja kwa moja hukanyagwa na watu na ng'ombe mpaka nyasi zinakufa na udongo unakuwa mgumu. Masika ya Machi hadi Mei yakifika, maji hayaingii ardhini, yanateremka kwa kasi kwenye njia kama kwenye bomba. Mwaka wa kwanza njia inakuwa na ufa, mwaka wa tatu inakuwa korongo, na watu wanaanzisha njia nyingine pembeni, nayo inakwenda hivyo hivyo. Maji hayo yote, pamoja na samadi, mkojo na kinyesi kilichokuwa vichakani, yanamwagika kwenye chemchemi. Ndiyo maana katika siku za mwanzo za mvua kuharisha huongezeka majumbani, nasi tunasingizia maembe.

Dawa yake haihitaji saruji. Chukua gogo au panga mstari wa mawe, ulaze mshazari kukata njia, yaani usiwe sawasawa kama kizingiti cha mlango bali upande mmoja uwe chini kidogo kuelekea kwenye nyasi. Lizike gogo kiasi cha nusu yake ili lisibebwe na maji. Upande wa juu chimba kijifereji kifupi kinachofuata gogo na kutokea kwenye majani. Maji yakifika hapo yatapindishwa, yatatoka njiani yakiwa bado machache na yatanywewa na majani. Pale penye mteremko mkali weka magogo hayo karibu karibu, penye mteremko mdogo yawe mbali. Baada ya kila mvua kubwa kijifereji hujaa mchanga, na mtu asipokizibua, gogo linageuka kuwa kikwazo tu cha kumwangusha mwenye ndoo kichwani. Wengi hushindwa hapo. Wanaliweka gogo, wanapiga picha, na hawarudi kuzibua.

Juu ya chemchemi yenyewe chimbeni mfereji wa nusu duara wa kuyakinga maji ya mvua yapite pembeni. Zungusheni uzio wa miti hai au miiba ili mifugo isiingie. Wakurya ni watu wa ng'ombe, na huwezi kumwambia mtu ng'ombe wake wasinywe maji. Mpangieni njia ya ng'ombe iliyo mbali na ya watu, na birika la kunyweshea liwe chini ya mahali pa kuchotea, si juu.

Suala la samadi kwenye maji si dogo. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa chini yaligeuka rangi yakawa meusi, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza hewa ndani ya maji. Maelezo hayo yalibishaniwa sana nchini, na wapo waliotaka uchunguzi zaidi. Mimi hapa sitaki kuingia katika mabishano hayo. Ninachosema ni kwamba mto mzima unaweza kulemewa, sembuse chemchemi yenye upana wa karai.

Usifyeke kila kitu

Kuna namna ya kujitolea inayoharibu. Vijana wanakuja na mapanga siku ya usafi, wana nguvu na nia njema, wanafyeka kuanzia barabarani mpaka majini, wanachoma moto takataka na majani, kisha wanasema pamekuwa peupe. Baada ya miaka michache mama anakuta chemchemi inatoa maji kama machozi.

Miti iliyo juu na pembeni ya chemchemi ndiyo inayopokea mvua na kuiingiza ardhini taratibu. Mikuyu na miti mingine ya asili ya bondeni iacheni. Kama mnataka kupanda, pandeni miti ya aina hiyo hiyo iliyozoea mahali hapo. Mikaratusi ni mali, inatupa nguzo na mbao, lakini hunywa maji mengi, basi ipandwe mbali na chanzo cha maji. Sote tunaijua Hadithi ya Muislamu anayepanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ikawa kwake ni sadaka. Kivuli cha mkuyu na ndege wake ni sehemu ya sadaka hiyo.

Kinachotakiwa kufyekwa ni ukanda mwembamba pande zote mbili za njia, kiasi cha hatua mbili hivi, ili mpita njia aone anakokanyaga. Kwenye kona fyekeni zaidi kidogo. Hapo nina sababu mbili. Ya kwanza ni nyoka. Kifutu ana tabia ya kulala njiani au pembeni yake bila kukimbia, na rangi yake hufanana na majani makavu. Sababu ya pili ni binadamu. Binti anayekwenda kisimani alfajiri au magharibi anatakiwa aone mbele yake, na yeye aonekane na watu wa nyumbani. Kuna mabinti waliopatwa na mabaya kwenye kona zilizofunikwa na vichaka, na familia zikanyamaza kwa kuona aibu. Aliyelainisha kona hiyo kwa panga lake amewaondolea watu udhia mkubwa kuliko mwiba.

Kuchoma moto msichome kabisa. Moto wa njiani ukiponyoka wakati wa kiangazi katika nyasi za Serengeti hauzimwi na watu kumi wenye matawi.

Mavazi ya kazi na wadudu wa porini

Kwa wale wa vijiji vya karibu na hifadhi kuna tahadhari yake. Ndorobo wapo, na wanaweza kubeba vimelea vya malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania, ikiwemo Serengeti, waliugua maradhi hayo baada ya kurudi kwao. Ndorobo huvutwa sana na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inayotundikwa porini hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa tazama, dada yetu anakwenda kufyeka njia akiwa amevaa baibui jeusi! Sheria imetutaka tujisitiri, haikututaka tuvae nyeusi. Siku ya kazi porini vaeni nguo pana za rangi ya mchanga au kijivu hafifu, nzito kidogo, zenye kufunika mikono na miguu. Mtu aliyeumwa na ndorobo kisha akapata homa na kidonda pale alipoumwa, awahi hospitali na amwambie daktari wazi kuwa aliumwa na ndorobo, kwani homa hiyo hudhaniwa kirahisi kuwa ni malaria.

Miguuni vaeni viatu vya kufunika. Asiye navyo avae walau katambuga za tairi, miiba ya migunga haizitoboi kwa urahisi kama ndara. Jeraha la mwiba au la jembe lisafishwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, wala lisipakwe samadi au udongo kama wafanyavyo baadhi ya watu, maana huko ndiko viliko vijidudu vya pepopunda. Asiyekumbuka ni lini alichanjwa aende zahanati.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe sumu kwa mdomo, wala asifungwe kamba ya kubana damu. Mtulizeni, mvueni pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kifungiwe kijiti kisichezecheze kama mfupa uliovunjika, kisha apelekwe hospitali kwa pikipiki au machela, asitembezwe. Jiwe jeusi lisiwacheleweshe.

Na kama njia yenu inaishia kwenye Mto Mara wenyewe, mtakuwa mnafahamu habari za mamba na kiboko. Chagueni sehemu moja ya kuchotea, izungushieni magogo imara, na chotea kwa ndoo yenye mpini mrefu au kamba, bila kuingiza miguu majini. Kufanya hivyo kunapunguza pia kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, katika malambo na kingo za mto, na kupenya ngozi ya anayesimama humo.

Plastiki na takataka nyingine

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, imepigwa marufuku Tanzania. Viroba vya pombe kali navyo vilikatazwa tangu 1 Machi 2017, na kwa hili la viroba Waislamu tulishukuru mara mbili. Hata hivyo ukichimba kidogo pembeni ya njia ya zamani utavikuta bado vipo, havijaoza. Chupa za maji na soda ndizo nyingi siku hizi. Chupa na kopo lililokaa na maji ya mvua ni mazalia ya mbu.

Okoteni kwa vijiti vilivyochongwa au mikono iliyovaa glavu, na vioo na sindano viokotwe na watu wazima peke yao, viwekwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Plastiki isichomwe, moshi wake ni sumu kwa anayeuvuta. Chupa zina wanunuzi mijini, na vikundi vinaweza kuzikusanya kwenye magunia na kuziuza ili kupata fedha ya sabuni na mapanga. Nyingine zipelekwe dampo la kijiji. Kuzirusha bondeni ili zisionekane ni kumhamishia udhia jirani wa chini.

Yasiyomalizwa kwa jembe

Ndugu msomaji, lazima tuwe wakweli. Kuna uchafu ambao mtu wa kujitolea hawezi kuufagia, na asijaribu. Watu wa Nyamongo hawajasahau mwaka 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Mto Tigithe. Kemikali na madini hayo hayauawi kwa moto. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuharisha na homa ya matumbo, lakini zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo, au madini mengine mazito, hubaki sufuriani. Tena maji yakipungua kwa kuchemka, madini yanabaki katika maji machache zaidi.

Hapa kazi ya mtunza njia ni kuwa jicho. Awe na daftari. Siku maji yalipobadilika rangi, siku samaki au vyura walipokutwa wamekufa, siku mtu alipoanza kulima au kuosha mchanga wa dhahabu kandokando ya maji, aandike tarehe na mahali. Daftari hilo lipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa afya, na kwa jumuiya ya watumia maji kama ipo, ambayo hufanya kazi na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Na watu waache kuchota hapo mpaka maji yapimwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na bwawa. Mwananchi mwenye tarehe zilizoandikwa husikilizwa tofauti na mwenye hasira tu.

Namna ya kuanza

Msianze bila ruhusa. Njia iko katika ardhi ya kijiji na pembeni yake kuna mashamba ya watu. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, mueleze mnachotaka, na kama wazee wa ritongo wanasikilizwa katika kijiji chenu, wapelekeeni nao salamu. Mzee mmoja anayeheshimiwa akisema ng'ombe wasipitishwe kwenye chemchemi, neno lake linafika mbali kuliko barua yetu. Kijiji kinaweza pia kulitungia jambo hilo sheria ndogo. Ndani ya mipaka ya hifadhi msiingie kabisa kwa jina la kujitolea.

Waislamu katika wilaya hizi ni wachache, na njia ni ya watu wote. Msikiti ukianzisha kazi hii usiifanye kuwa ya Waislamu peke yao wala usiwasubiri wengine ndipo uanze. Ile Hadithi ya mambo matatu haikuuliza dini ya anayepita. Jirani Mkristo akija na jembe lake, mpokeeni, mpeni maji ya kunywa, mfanye kazi.

Kuhusu siku, tayari kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni ya usafi kitaifa. Na kila 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Siku ya Mara huadhimishwa kwa zamu baina ya Tanzania na Kenya, na miti hupandwa. Ni siku nzuri. Lakini nawaomba msiufanye utunzaji wa njia kuwa wa siku hizo. Mama Aisha (r.a.) ametupokelea kuwa amali aipendayo zaidi Allah (s.w.) ni ile yenye kudumu hata ikiwa ndogo. Gaweni njia vipande. Kipande cha kuanzia msikitini mpaka mkuyu wa kwanza ni cha familia mbili, kinachofuata ni cha vijana wa bodaboda, kinachofuata ni cha madrasa, na kadhalika. Kila wenye kipande wakipitie mara moja kwa wiki, nusu saa inatosha, na zaidi siku ya pili baada ya mvua kubwa. Chemchemi yenyewe ishikwe na akinamama, na pasiwepo mwanaume wa kuwaamulia mahali pa kuweka jiwe la kutulia ndoo, kwa kuwa wao ndio wanaoinama pale kila siku.

Watoto wa madrasa nao wapewe kazi ya umri wao: kuokota mawe madogo na miiba, kumwagilia miche, kuhesabu magogo yaliyoziba. Mwalimu awafundishe pale pale haki za njia kama zilivyopokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Masomo hayo yakisomwa chini ya mkuyu mtoto huyashika haraka.

Baada ya kazi, majembe na mapanga yaoshwe mbali na chemchemi, na maji yake yamwagwe kwenye majani. Mikono ioshwe kwa sabuni mpaka chini ya kucha, kwani mayai ya minyoo hujificha humo. Nguo za kazi zisichanganywe na za watoto wachanga wakati wa kufua. Kila mmoja akague miguu yake kati ya vidole, na mzazi amkague mtoto. Mwenye muwasho au kipele kilichojitokeza siku chache baadaye aende zahanati akaeleze alikopita.

Wabillahi tawfiiq.